Adapta ya simu ya intaneti na mashine ya mama: nyota tatu

Jamani hii adapta, kidude cha kuunganisha simu ya mezani na intaneti, nimeinunua baada ya kukata laini ya zamani ya simu hapa nyumbani Columbus, bili ilikuwa inatutoa jasho. Simu yenyewe iko poa, sauti safi, mama anaongea na Kigoma mpaka chai inapoa. Shida ni mashine yake ya kurekodi ujumbe, hataki kabisa kuiacha.

Wiki ya kwanza haikushika hata simu moja. Kumbe kampuni ya huduma ina voisimeili yake, yaani kinasa ujumbe cha kwao, inayodaka baada ya sekunde 20, na huku Marekani mlio mmoja ni sekunde 2 kisha kimya 4, sasa mashine iliyosetiwa milio 4 itawahi saa ngapi? Nikaizima ile voisimeili, mashine nikaishusha milio 2, ikaanza kupokea.

Halafu likaja la pili, kila ujumbe mkiani una tiiti tiiti tiiti mpaka muda wa kurekodi unaisha. Mtu akikata, laini ya zamani ilikuwa inakata umeme kidogo na mashine inajua ameondoka, hii adapta haifanyi hivyo mpaka uingie kwenye setingi zake uiwashe mwenyewe, na kijitabu hakisemi kitu! Kastama kea wananiambia nirestati ruta, mara tatu, ruta imekosa nini?

Nimeiwasha, nikaweka umeme ukatike nusu sekunde mtu akikata simu, tiiti zimekwisha. Nyota mbili nimekata kwa hicho kijitabu na hao wa ruta.