Dawa za mbu na mende Dar: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kibaki dukani

Masika yakianza, foleni ya Mwenge hugeuka duka la dawa za wadudu. Machinga mmoja kabeba raketi za kuulia mbu begani, mwingine anakuonyesha mashine ndogo ya kuchomeka ukutani, wa tatu ana spika inayorudia bila kuchoka: panya, mende, kunguni, viroboto. Kariakoo ni yale yale, ila kwa jumla na rejareja. Bidhaa hazina uhaba. Kinachomchanganya mnunuzi ni kwamba zote zinauzwa kwa sifa moja: "Inaua kabisa, bosi."

Hakuna inayoua yote. Kabla hujatoa hela, jua unapambana na nani na anakuja saa ngapi. Mbu anayekuimbia sikioni usiku hapa Dar mara nyingi ni kuleksi, mzaliwa wa mitaro na makaro. Anofelesi, mwenye malaria, naye ni wa usiku. Ila yupo mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aedesi, anayeuma mchana ukiwa umekaa sebuleni unaangalia taarifa ya habari ya saa saba. Huyo ndiye mwenye homa ya dengue, iliyolitikisa jiji mwaka 2014 na tena 2019. Anazaliwa kwenye ndoo, matairi na sahani za chini ya vyungu vya maua. Chandarua chako hakimhusu kabisa.

Orodha yangu inapangwa kwa kinga unayopata kwa hela unayotoa. Ukali wa harufu hauna nafasi humu, ingawa wanunuzi wengi ndicho wanachonusa kwanza.

1. Chandarua chenye dawa

Najua, unacho. Swali ni kama bado kinafanya kazi. Vyandarua vya dawa ya muda mrefu hutengenezwa vivumilie kufuliwa kama mara 20 na kutumika takriban miaka mitatu. Kama chako kimefuliwa kwa Jik na kuanikwa kwenye jua la saa sita, usihesabu hiyo miaka. Fua kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini.

Ukinunua kipya, geuza lebo utafute herufi PBO. Mbu wa sehemu nyingi za nchi hii wameshazoea dawa za jamii ya pairethroidi zilizopo kwenye vyandarua vya kawaida, na PBO ni kiambato kinachozima uwezo wao wa kuivunja sumu hiyo mwilini. Utafiti mkubwa uliofanyika Muleba, Kagera, na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha vyandarua vya aina hiyo vinakinga malaria vizuri kuliko vya kawaida. Kuna kizazi kipya zaidi chenye dawa mbili tofauti, kilichojaribiwa Misungwi, Mwanza. Ukikikuta, chukua.

Saizi ndipo watu wengi wanapokosea. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka chandarua cha futi 6 kwa 6, kwa sababu mkono ukigusa wavu mbu anakuuma kupitia tundu. Cha pembe nne kinakaa mbali na mwili kuliko cha duara, japo cha duara ni rahisi kutundika kwa mpangaji anayeruhusiwa msumari mmoja tu darini. Na kama joto la Februari ndilo linalokufanya ukikunje, tafuta cha nyuzi ngumu za polithilini, kama vile vinavyotengenezwa na A to Z Arusha. Matundu yake ni makubwa kidogo, upepo wa feni unapenya. Cha poliesta ni laini zaidi lakini kinabana hewa.

Mjamzito asinunue kabla ya kwenda kliniki. Hupewa bure huko.

2. Wavu wa madirishani

Huu ndio ununuzi wenye faida kubwa kuliko wote katika nyumba yenye watoto, maana unafanya kazi mchana na usiku, umeme uwepo usiwepo. Nimeuweka wa pili kwa sababu tu si kila mpangaji ana ruhusa au hela ya kufunga madirisha yote kwa mkupuo. Anza na chumba cha kulala na jikoni.

Fundi atakuuliza unataka waya au nailoni. Kigamboni, Msasani, Kunduchi, popote upepo wa chumvi unapofika, waya wa chuma utaota kutu na kutoboka mapema, kwa hiyo chukua nailoni au faiba. Kisha usimruhusu aondoke kabla hajaziba matundu ya hewa juu ya dirisha, tundu la bomba la AC, na upenyo chini ya mlango wa nyuma. Nimeona nyumba yenye wavu mpya madirisha yote, na juu ya kila dirisha yale matofali ya matundu yapo wazi kabisa. Mbu hana haja ya dirisha.

3. Dawa ya maji ya kuchomeka kwenye umeme

Kichupa chenye utambi, kinabanwa kwenye kifaa, kifaa kinapasha utambi, dawa inapaa hewani kidogo kidogo usiku kucha. Ndani yake mara nyingi ni praletrini au transflutrini, nazo za jamii ya pairethroidi. Kwa chumba cha kulala kilichofungika vizuri, hii inazishinda zote zinazowashwa au kupulizwa.

Watu wanaogopa LUKU bure. Kifaa cha wati 5 kikiwaka kwa muda wa saa 8 kila usiku kwa siku 30 kinakula yuniti moja na ushee tu kwa mwezi mzima. Gharama iko kwenye vichupa. Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa cha bei nafuu, uliza kama kichupa chake kinapatikana duka la mtaani kwako. Shingo za vichupa hazilingani kati ya kampuni na kampuni, na kifaa kisicho na kichupa ni taa ya mapambo.

Kingine ni plagi. Vingi vinakuja na pini mbili za mviringo, soketi zetu ni za pini tatu za bapa, na mtu anamalizia kwa adapta legelege au kwa kusukuma tundu la juu na kalamu. Shika plastiki ya kifaa baada ya nusu saa: ikiwa na joto la kuunguza au imeanza kubadilika rangi ya kahawia karibu na pini, chomoa, kirudishe dukani.

Usikiweke nyuma ya pazia, wala usiamini kitasaidia sana feni ikivuma moja kwa moja kuelekea dirisha lililo wazi. Mwenye samaki wa mapambo asikitumie chumba hicho. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki.

4. Dawa ya kupuliza ya kopo

Chombo chenyewe ni cha zama za vita. Watafiti wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, Goodhue na Sullivan, walikitengeneza mwaka 1941, na askari wakakibeba kwenda kwenye nchi za joto. Ni kizuri kwa kusafisha chumba jioni: funika maji na chakula, toa watoto, puliza, funga mlango, rudi baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, fungua madirisha hewa ipite kwanza. Kupuliza na kulala papo hapo ndiko kunakoleta kikohozi ambacho kesho yake kinasingiziwa vumbi. Jiko la gesi liwe limezimwa.

5. Mafuta ya kupaka

Hii ni ya barazani jioni, na ya mchana wakati wa dengue. Tafuta DEET au pikaridini kwenye lebo. Asilimia kubwa maana yake inadumu zaidi, haimaanishi inafukuza kwa nguvu zaidi. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe DEET.

6. Dawa ya kuchoma

Umbo lile la kuzunguka lina historia nzuri. Mjapani Eiichiro Ueyama alikuwa akiuza vijiti vya pareto vilivyoungua upesi mno. Mkewe, Yuki, ndiye aliyependekeza mwaka 1895 vikunjwe mviringo, na vikaingia sokoni 1902. Pareto ni ua lile lile linalolimwa Mufindi na Mbeya, ingawa siku hizi dawa nyingi za kuchoma zina kemikali ya kiwandani badala ya ua.

Inanunulika kwa chenji, ndiyo maana haifi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wa kipande kimoja na kukuta chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Iwashe nje: kibanda cha chipsi, baraza, msibani. Chumba anacholala mtoto, hapana.

Mkiani

Raketi ni burudani zaidi ya kinga, ila naipenda. Usiipeperushe muda mfupi baada ya kupuliza dawa ya kopo. Cheche na gesi ya kopo haviendani.

Taa ya bluu inayolipua wadudu inafaa buchani kwa nzi. Kwa mbu, angalia hesabu ya Delaware, Marekani, ya mwaka 1996: wadudu 13,789 walionaswa, wanaouma walikuwa 31. Mbu jike anafuata pumzi na jasho lako, taa haimshughulishi.

Mashine ya sauti ambayo "binadamu hasikii": usinunue. Majaribio yamefanywa ya kutosha, haifukuzi mbu.

Kwa mende, pindua orodha

Hapa jeli inashika namba moja, kwa mbali. Weka matone madogo kama punje ya mchele nyuma ya friji, kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki. Mende mdogo wa kahawia anakula, anarudi kufia maficho yake, na wenzake wanakula kinyesi na mzoga wake, nao wanakufa. Ukipuliza dawa ya kopo hapo hapo umejiharibia, hawataigusa jeli tena. Mende wakubwa wanaopanda kutoka kwenye karo wanataka mfuniko wa wavu kwenye tundu la bafuni.

Manukato na dawa ni vitu viwili

Kile kifaa cha betri kinachopuliza chenyewe ni kizuri chooni na ofisini, lakini kopo la manukato haliui mbu. Piga hesabu kabla ya kununua: kila dakika 15 ni mipulizo 96 kwa siku, kopo la mipulizo 3,000 linakwisha kwa takriban mwezi mmoja. Kirefushe muda na kizime usiku. Udi wa kwenye chetezo nao ni wa harufu na heshima ya wageni.

Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kabatini, usiviweke kwenye nguo za mtoto mchanga. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si haba katika nchi zenye malaria, vinaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu.

Kopo lisilo na lebo

Chochote unachonunua kiwe na jina la kiambato, tarehe ya mwisho na usajili wa TPHPA, mamlaka ya viuatilifu. Chupa ya maji iliyojazwa dawa ya kunguni, na ile chaki ya mende ambayo mtoto ataiona ni ya kuandikia, ziache kwa muuzaji. Kunguni wamekwisha kuzizoea dawa nyingi za pairethroidi hata hivyo. Chemsha mashuka, pitisha mvuke au maji ya moto kwenye maungio ya kitanda, na hela ya ile chupa inunulie kava la godoro la zipu linalofunga pande zote.