Roma ya Alfonso Cuarón: chai ya daktari, bastola ya Fermín

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nimewaletea filamu ya Meksiko, Roma, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón. Ipo Netflix, ina dakika 135, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Jina lisiwapoteze, hatuendi Italia. Colonia Roma ni mtaa wa watu wenye nafasi zao jijini Mexico, na kisa kinatokea mwaka 1970 na 1971. Nitagusa matukio mengi, hata ya mwisho, kwa hiyo kama unataka kuiona kwanza, simamisha hapa, utanikuta.

Nyumba ni ya Bi Sofía na mumewe daktari. Kuna watoto wanne, kuna bibi yao mzaa mama, na kuna wadada wawili wa kazi, Cleo na Adela, Wamixteki kutoka Oaxaca. Wakiwa peke yao wanaongea kilugha chao. Wakiwa na familia, Kihispania.

Sasa niangalizieni tukio moja la mwanzoni. Jioni, familia nzima iko mbele ya televisheni, wanacheka. Cleo naye anakaa, chini, ubavuni mwa sofa, na mtoto mmoja anamwekea mkono begani. Unaona kabisa mtoto anampenda. Dakika haijaisha, mama mwenye nyumba anamwambia akamletee daktari chai. Anainuka. Hakuna aliyemfokea wala kumtukana, na mimi ndipo iliponiuma, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo na sisi tulijiona watu wema.

Cleo ana mpenzi, Fermín, kijana aliyelelewa kwenye umaskini na kujifunza sanaa za mapigano. Wako sinema, Cleo anamwambia amepata ujauzito. Fermín anasema anakwenda msalani, harudi. Cleo anamfuata mpaka Nezahualcóyotl, huko pembezoni, barabara ni tope tupu na watu wanapita juu ya mbao, huku mwanasiasa akiwapigia kelele za ahadi kwenye kipaza sauti. Akimpata, Fermín anamtishia, kisha anamtupia neno "gata". Maana yake ni paka jike, lakini kule ndilo tusi la wasichana wa kazi. Uzito wake ni kama mtu akuite "beki tatu" usoni, kwa dharau. Na anayelitamka si tajiri. Ni maskini mwenzake.

Hapa historia inahitajika kidogo, maana filamu yenyewe haikuelezi. Tarehe 10 Juni 1971, siku ya sikukuu ya Corpus Christi, wanafunzi waliandamana jijini Mexico. Wakavamiwa na kundi lililoitwa Los Halcones, yaani Vipanga: vijana waliofundishwa kwa siri na kulipwa na serikali. Watu wengi waliuawa. Luis Echeverría, aliyekuwa rais wakati ule, alifunguliwa mashtaka miongo kadhaa baadaye, na akafariki mwaka 2022 bila kupatikana na hatia. Kumbe yale mazoezi ya Fermín ndiyo hayo. Siku hiyo Cleo yuko dukani na bibi, wanachagua kitanda cha mtoto. Mwanafunzi anakimbilia ndani, anauawa mbele yao, na bastola nyingine inamwelekea Cleo. Aliyeishika ni Fermín. Chupa inavunjika pale pale.

Tazameni dola ilivyofanya. Imemchukua kijana wa matopeni, ikampa chakula, mafunzo na mtu wa kumchukia, na mwisho wa safari silaha ile inamtazama mama wa mtoto wake mwenyewe.

Wanafika hospitali wamechelewa, foleni ya magari imewakwamisha. Muuguzi anamuuliza bibi habari za mgonjwa kwa ajili ya fomu. Jina kamili? Tarehe ya kuzaliwa? Bibi anababaika, hajui, na anamlilia huyo Cleo kwa machozi ya kweli. Mtoto anazaliwa hana uhai. Mliowahi kupoteza mtoto nawaomba sana, sehemu hiyo ni ndefu na kamera haikwepi, msiitazame mkiwa peke yenu.

Mimi nilisimamisha kwenye ile fomu. Tulikuwa na dada nyumbani miaka sita. Alinibeba mgongoni, alinifundisha kufunga kamba za viatu. Nikampigia mama usiku ule nimuulize jina la baba yake yule dada. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Tulimwita Dada, mwanangu."

Yalitza Aparicio, aliyecheza Cleo, alisomea ualimu wa chekechea na hakuwahi kuigiza. Akawa mwanamke wa kwanza wa jamii za asili za Meksiko kuteuliwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Filamu ilichukua Oscar tatu, uongozaji, upigaji picha na filamu ya lugha ya kigeni. Anastahili kila sifa, uso wake unabeba mengi.

Lakini nina dukuduku. Adela anamdokeza Cleo kwamba mama yake Cleo amenyang'anywa ardhi kijijini. Sentensi moja, basi, tunarudi kwenye ndoa ya Sofía inayovunjika. Nilitaka kwenda kijijini. Tunajua Cleo anavyowapenda watoto wa watu, ila anachokitaka yeye kwa maisha yake tunakisikia mara moja tu, ufukweni, baada ya kuwaokoa watoto kwenye mawimbi, anapolia kwamba hakutaka yule mtoto azaliwe.

Msiitazame kwenye simu ndani ya daladala. Haina muziki wa kutiwa juu ya picha, unasikia redio za majirani, mbwa, wachuuzi, bahari, kwa hiyo vaeni spika za masikioni. Nusu saa ya kwanza inakwenda taratibu, vumilieni.

Wakirudi kutoka baharini, watoto wanasimulia jinsi Cleo alivyowaokoa, na papo hapo mmoja anamwomba juisi ya ndizi. Anabeba nguo chafu, anapanda ngazi za nje kuelekea darini, ndege inapita mbinguni. Msizime. Yanatokea maneno mawili, Cuarón akimtaja mwanamke aliyemlea, Liboria Rodríguez, kwa jina walilomwita nyumbani: "Kwa Libo."