Nizwa kwa siku moja: usafiri upi wa kulipia, na saa saba mchana mtakuwa wapi

Joto likianza kupungua mwezi wa Oktoba, wageni wanaanza kumiminika huku Maskati, Oman, na ujumbe ninaopokea ni mmoja kwa sauti tofauti: dada, tumefika Nizwa, soko limefungwa. Mmoja kaja kutoka Dar kumtembelea mdogo wake anayefanya kazi huku, mwingine katokea London na watoto. Wote wamelipa, wote wamefika mchana kati, wakaishia kupiga picha milango ya mbao iliyotiwa komeo, jua la utosini. Kabla ya safari waliniuliza usafiri upi ni wa bei nafuu. Unafika saa ngapi, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo leo naupanga usafiri kwa kigezo hicho. Kwamba Nizwa kuna ngome, mitende na milima ya Hajar kwa nyuma, mnajua, picha mmeshaziona. Usafi wa viti na adabu ya dereva pia siviingizi humu. Swali langu ni hili tu: saa saba mchana mtakuwa mmekaa wapi?

Maana Nizwa si Mutrah, mtaa wa pwani wa Maskati: hakuna upepo wa bahari. Ni mji wa ndani, umeota kwenye maji ya mifereji ya falaji chini ya milima mikavu, na desturi zake ni za watu wanaolijua jua. Maduka ya sokoni hufunguliwa asubuhi, yakafungwa kama saa saba, yakarudi kufunguliwa saa kumi jioni. Ijumaa hufungwa mapema zaidi kwa ajili ya Swala. Mnada wa mbuzi, ambao ndio nusu ya sababu ya watu kwenda, ni wa Ijumaa asubuhi: jua likichomoza wauzaji wanaanza kuwazungusha mbuzi na ng'ombe kwenye duara, wanunuzi wamejipanga kandokando wakipaza bei, na ikigonga saa tatu kimebaki kinyesi na kamba. Serikali yenyewe, kuanzia Juni hadi Agosti, inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Sasa wewe na mama yako mwenye presha mnakwenda kufanya nini barazani saa hizo?

Namba moja, bila kupepesa macho, ni gari dogo la kukodi mkiwa watu wanne. Na nikisema gari dogo nasema Toyota Yaris. Sijalipwa na mtu, naipenda tu: kiyoyozi chake kinafanya kazi ya kweli, mafuta inanusa, na likikuharibikia njiani, Izki au Samail, fundi yeyote ana kifaa chake. Wakikupa la kampuni nyingine kwa bei hiyohiyo, omba Yaris. Wakisema hakuna, subiri kidogo, litatokea.

Hesabu yake ni hii. Kukodi kwa siku ni kama riali 12. Maskati hadi Nizwa, kwenda na kurudi, ni kilomita 300 na kitu, lita 20 hivi za petroli, na petroli huku ni chini ya robo riali kwa lita, weka riali 5. Jumla 17, gawanya kwa wanne: riali 4 na robo kila mtu. Shikeni hiyo namba, tutairudia kwenye basi.

Ila kabla ya kutia saini someni karatasi yote, maana hapa ndipo wakodishaji wanapotuchuna. Bei ya siku wanayoitangaza mara nyingi ina kikomo cha kilomita 200 au 250, na kila kilomita inayozidi ina baisa zake (baisa 1,000 ni riali moja). Wanajua fika kwamba mgeni anakwenda Nizwa, na wanajua Nizwa na kurudi haiingii humo. Hawasemi. Utaambiwa jioni unaporudisha ufunguo, umechoka, watoto wanalia, na dhamana yako iko mikononi mwao. Waambieni mapema: nataka bila kikomo cha kilomita, iandikwe. Halafu kuna ile hadithi ya "kwa usalama wenu chukueni la magurudumu manne", mara mbili ya bei. Barabara namba 15 ni lami pana mpaka mlangoni mwa ngome. Gari la namna hiyo ni la kupanda Jabal Akhdar, ambako polisi wa kizuizi cha Birkat al Mawz huwarudisha wenye magari madogo. Hamuendi huko siku hiyo, msilipie mlima msioupanda. Na mwendo usizidi 120, kamera zipo njia nzima na faini itaifuata dhamana yenu.

Utamu wa gari la kwenu ni kwamba saa mnazishika wenyewe. Ijumaa ondokeni baada ya Alfajiri, mtakuwa mnadani kwenye saa moja. Mbuzi wakimalizika ingieni sokoni upande wa tende na haluwa. Muombeni muuzaji awaonjeshe tende za khalas na fardh kabla ya kupima. Hakuna mwenye duka Nizwa atakayekunyima tende moja, na msishangae mzee wa dukani akiwajibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chenu. Fedha na majambia angalieni tu. Saa nne, saa tano hivi, wakati wengine ndiyo kwanza wanatafuta maegesho, nyinyi mnaondoka kwenda Birkat al Mawz, kama kilomita 25 mnaporudi nyuma upande wa Maskati. Hapo falaji ya Al Khatmain inapita katikati ya migomba na mitende, ni moja ya zile tano zilizotiwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yanatembea, kivuli kimejaa, wanaume wana msikiti wa kuswali Ijumaa. Tandikeni mkeka, fungueni chombo chenu cha wali. Hilo ndilo jibu la saa saba mchana, na halina tiketi.

Siku nyingine za wiki panga kinyume: soko kwanza, na mchana kati muingie ngomeni, kwa sababu vyumba vya chini vina kuta nene na baridi yake ni ya bure ukishalipa mlangoni. Ijumaa msiitegemee ngome kwa kivuli, nayo hufungwa wakati wa Swala. Ngome aliijenga Imamu Sultan bin Saif katika karne ya 17, yuleyule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe Saif ndiye alimaliza kazi Mombasa, Fort Jesus ikaanguka 1698. Mnara wa duara umejazwa udongo na mawe ndani ili mizinga isiutikise, na juu ya milango ya ngazi kuna matundu ya kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Ghala la tende lenyewe lipo, sakafu yake ina mifereji ya kukusanyia asali. Nendeni mkalione.

Lakini jamani, mlango. Zamani tulikuwa tunaingia kwa baisa 500, sasa mgeni anatozwa riali 5. Mara kumi! Watu wanne ni riali 20, yaani kuingia ngomeni kumepita gari na petroli kwa pamoja. Mnabishana wiki nzima kuhusu nauli, kumbe pesa inaliwa mlangoni. Mwenye kitambulisho cha ukazi akitoe aulize bei yake kwanza.

Namba mbili ni basi la Mwasalat, kampuni ya mabasi ya taifa. Nauli ni kama riali 2 kwenda na 2 kurudi, kwa hiyo kwa watu wanne limeokoa robo riali tu kwa kila kichwa. Basi zuri, lina kiyoyozi, lakini likifika mnada wa Ijumaa umeshapoa, na saa ya kurudi anaipanga mwenye basi. Kwa anayesafiri peke yake ni sawa, siku isiyo Ijumaa, na amuulize dereva atamshusha umbali gani na ngome. Teksi za kuchangia za mzunguko wa Burj al Sahwa, Maskati, ni namba tatu: zinaondoka zikijaa. Ni hayo tu.

Mwisho kabisa ni safari za kununua, zile za vipeperushi vya hotelini. Mgeni wangu mmoja alitajiwa riali 40 kwa kichwa, chakula juu yake. Wanakuchukua saa tatu hotelini, wanapita hoteli nyingine mbili kukusanya watu, mnafika Nizwa saa saba kasoro, na ratiba imeandikwa kwa herufi nzuri: "muda huru wa manunuzi". Manunuzi gani, soko likifungwa saa saba? Duka litakalokuwa wazi ni moja, dereva analijua jina na mwenye duka analijua la dereva, na haluwa ya kibati kidogo humo inauzwa bei ambayo pale sokoni asubuhi ungebeba bakuli zima na kubakiwa na chenji ya chai karaki.