Care Compare ilivyotusaidia kumtafutia baba mdogo makao ya wazee Houston

Baba mdogo alipata kiharusi mwezi wa tatu. Upande wa kulia ukalegea, na Kiingereza alichokizungumza hapa Houston zaidi ya miaka 30 kikapotea chote. Kilichobaki ni Kiswahili, nacho cha kuvutavuta. Mama mdogo ana miaka 74 na magoti yake mabovu, hawezi kumgeuza kitandani. Siku ya tisa hospitali ikatupa karatasi yenye majina ya makao 14, tuwe tumechagua kufikia kesho yake mchana. Sisi tuliokulia mahali ambapo mzee huuguzwa nyumbani, hata la kuuliza hatukulijua.

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyeniambia nifungue Care Compare, tovuti ya bure ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Unaandika mji au msimbo wa posta, inakuletea makao ya jirani, kila moja na nyota zake, 1 hadi 5.

Hapo nikakosea. Nilitazama nyota za jumla tu. Jumla hiyo inatokana na mambo matatu: ukaguzi wa afya, wahudumu, na vipimo vya ubora. Vipimo vya ubora, sehemu kubwa ni taarifa ambazo makao yenyewe yanazijaza. Wakaguzi huja bila kutoa taarifa, na saa za wahudumu hutolewa kwenye kumbukumbu za mishahara. Ndugu zangu, anzieni kwenye hayo mawili. Tazameni wahudumu wa Jumamosi na Jumapili, na asilimia ya wanaoacha kazi ndani ya mwaka. Mkiona duara jekundu lenye kiganja, hapo wakaguzi walikuta unyanyasaji.

Halafu fungueni ripoti yenyewe ya ukaguzi. Ni ndefu na inachosha, lakini mimi nilikesha nayo. Makao mamoja ya nyota 4, ripoti ilisema mzee aliachwa na nepi iliyolowa tangu alfajiri hadi chakula cha mchana. Nikayafuta kwenye karatasi.

Tovuti ina mapungufu. Kiswahili hakuna. Bei haionyeshi, wala kama kitanda kipo. Nilipiga simu 6 ndipo nikapata nafasi mbili. Pia, kwa upande wa makao ya wazee, ina yale yenye uuguzi tu. Kama mzee wenu anajiweza na anahitaji wa kumsaidia kidogo, zile nyumba za namna hiyo hamtazikuta humo.

Nafasi zile mbili tulizitembelea Jumapili jioni, wakati wa chakula. Ya kwanza ina nyota 5 na mapazia mazuri. Taa ya kuita iliwaka juu ya mlango wa bibi mmoja tangu tulipoingia hadi tulipoondoka, dakika 25, na sahani yake imepoa mbele yake. Ya pili ina nyota 3, zulia limechakaa. Msaidizi mmoja alikuwa amepiga magoti akimfunga mzee kamba za viatu, anazungumza naye, hana haraka. Mama mdogo akanigusa mkono: "Mwanangu, hapa." Nikarudi kwenye simu: upande wa wahudumu walikuwa na nyota 4. Macho yake na ile tovuti vilikubaliana.

Jambo la malipo tuliambiwa tumeshachelewa, nanyi lijueni mapema. Medicare ya kawaida hulipa siku 20 za kwanza zote, baada ya hapo unachangia hadi siku ya 100, na hayo ni kama alilazwa rasmi hospitali siku tatu mfululizo na bado anahitaji uuguzi au mazoezi ya kitaalamu. Akishabaki kwa sababu tu hawezi kujihudumia, Medicare hailipi. Familia nyingi huishia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato na mali kidogo, ambayo Texas huangalia mali mlizogawa ndani ya miaka 5 iliyopita. Kaeni na mtu anayezijua sheria hizo kabla hamjahamisha nyumba kwa jina la mtoto.

Baba mdogo sasa ana mwezi wa tano pale. Juu ya kitanda tulibandika karatasi yenye maneno manane na maana zake: maji, choo, maumivu, baridi, njaa, nigeuze, asante, nimechoka. Juzi nimemkuta yule msaidizi wa viatu ameshika bilauri mlangoni, anauliza, "Maji, baba?"