Kabla ya Kununua Hifadhi ya Faili ya Pamoja, Uliza Kuhusu Mgongano

Mwaka jana nilinunua mjini Kisumu kisanduku cha diski mbili cha kuhifadhi faili kwenye mtandao, ili mimi na mwenzangu aliye Nakuru tutumie daftari moja la hesabu za chama chetu. Muuzaji alinihakikishia kwamba diski moja ikifa, ya pili itabaki, na katika hilo hakudanganya. Asilonieleza ni kwamba tukihariri faili moja sote wawili mtandao ukiwa umekatika, kisanduku huweka ile yenye saa ya karibuni na kufuta nyingine bila kuuliza. Betri ndogo ya saa katika kompyuta yangu ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipopotea tarehe ilirudi nyuma miaka kadhaa. Michango ya wanachama 32, niliyoiingiza jioni nzima, ilihesabiwa kuwa ya zamani ikafutwa, na papo hapo ikafutika kwenye diski ya pili pia.

Tangu siku hiyo siulizi ukubwa wala kasi. Nauliza faili moja ikibadilishwa pande mbili, kila upande bila habari ya mwenzake, yaani zikigongana, mfumo utafanya nini.

Nafasi ya kwanza naipa Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, na upendeleo wangu siufichi. Haikisii nani yuko sahihi: huacha faili zote mbili katika folda ileile, moja ikiongezewa jina la aliyeibadilisha pamoja na tarehe, nanyi mnaketi na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Ya pili ni Syncthing, programu inayooanisha faili moja kwa moja kati ya kompyuta na kompyuta, ambayo hugundua mgongano kwa kuhesabu mabadiliko ya kila kifaa. Saa huiangalia tu inapochagua ni ipi kati ya nakala hizo mbili ipewe jina jipya. Tatizo ni kwamba kompyuta zote mbili sharti ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, jambo gumu umeme unapopotea mara kwa mara. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inawafaa wanaoshinda kwenye Word na Excel. Flashi ni ya kubebea faili tu.

Kinachoniudhi ni bei. Dropbox hutoa gigabaiti 2 bure, kisha mpango wa kulipia wa mtu mmoja unaruka hadi 2,000, kwa dola, hata kama faili zako zote hazifiki 5. Wauzaji wa visanduku nao wanaendelea kuiita diski ya pili bakapu, yaani nakala ya akiba, ilhali inanakili kosa lako sekunde ileile ulipolifanya. Kabla ya kutoa pesa, omba kompyuta mbili palepale dukani, zikate mtandao, badilisha faili moja kwenye zote mbili, kisha ziunganishe tena na uhesabu nakala zilizobaki. Ukikuta moja, usinunue.