Lenzi ya kawaida ya bei nafuu kwa renjifainda ya filamu: Jupiter-8, Industar-61 au Canon?

Kwa mwenye renjifainda ya filamu (kamera inayolengwa kwa kulinganisha picha mbili ndani ya kitazamio) yenye mdomo wa skrubu wa 39 mm, soko la mitumba lina lenzi tatu za kawaida zisizomaliza akiba: Jupiter-8 ya 50 mm f/2, Industar-61 L/D ya 55 mm f/2.8, na Canon ya 50 mm f/1.8. Zote hutoa picha nzuri. Kinachoamua ni kamera utakayoifungia, pamoja na hali ya lenzi yenyewe baada ya miongo mingi.

Jupiter-8 inapendwa sana, na inastahili. Ilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kwa muundo wa Sonnar aliobuni Ludwig Bertele wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani: vioo sita katika makundi matatu. Ukifungua tundu lake la mwanga hadi f/2, yaani kabisa, katikati panatoka pakali, pembe zinalegea kidogo, na mandhari ya nyuma inayeyuka taratibu. Kwa picha za nyuso ni raha tupu. Ukifika f/5.6 fremu nzima inakaa sawa. Pete ya tundu haina vituo, kwa hiyo husogea ukiigusa tu. Itazame kabla ya kupiga. Jua likiwa mbele picha hufifia, basi funga kikinga jua cha 40.5 mm.

Tatizo huanza ukiifunga kwenye Leica, Canon P au Bessa R. Kamera za Kisovieti, pamoja na Jupiter-8, zilipimwa kwa lenzi ya 52.4 mm, Leica na wenzake kwa 51.6 mm. Kwenye mita 1, tofauti hiyo ni karibu 0.09 mm ya mwendo wa lenzi. Ni kidogo, lakini kwa f/2 eneo lililo kali hapo lina unene wa takriban sentimita 4.5 tu: unalenga jicho, linalotoka kali ni sikio. Kwenye kamera ya Kisovieti kama Zorki-4 au FED-2, iliyorekebishwa vizuri, kasoro hii haipo.

Ipime kabla ya kupoteza filamu. Kama mgongo wa kamera hufunguka, ufungue, weka kipande cha kioo chenye upande wa ukungu kwenye reli za ndani ambamo filamu hupita, upande huo ukielekea lenzi. Weka shata (pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu) kwenye B na uishikilie wazi kwa kebo, tundu f/2, kisha lenga kwa renjifainda kitu chenye maandishi madogo kilicho mita 1.5. Tazama kioo kwa lenzi ya kukuzia. Kama kilicho nyuma ya maandishi ndicho kikali, fungua kichwa cha lenzi kwa kukizungusha kinyume cha saa. Ndani utakuta washa nyembamba, yaani pete bapa ya chuma. Kuongeza unene wake husogeza vioo mbali na filamu na kuleta ukali karibu. Nenda kwa 0.05 mm, pima tena. Vitu vya mbali sana vitalegea kidogo kwenye f/2, ila f/5.6 huficha kosa hilo. Huo ni ubadilishanaji mzuri, maana f/2 hutumika zaidi kwa watu walio karibu.

Industar-61 L/D ina vioo vinne tu, na ndiyo ningempa anayeanza na kamera ya FED. Ni kali tangu f/2.8, bei yake ni ya chini, na kosa dogo la kulenga halionekani sana kama kwenye f/2. Ugonjwa wake ni grisi iliyokauka: pete ya kulenga inakuwa nzito hata ukiizungusha inaanza kufungua lenzi kwenye kamera. Grisi ibadilishwe; usitie mafuta mepesi, yatatambaa hadi kwenye vibamba vya tundu.

Mwenye Leica au Canon achukue Canon f/1.8, mradi vioo viwe safi. Ugonjwa wake unajulikana: ukungu kwenye kioo kilicho nyuma tu ya tundu. Ukungu mwingine hufutika, mwingine umekwisha kula kioo na hakuna fundi wa kuuondoa. Mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi, tundu likiwa wazi kabisa; picha za muuzaji zilizopigwa mchana hazionyeshi kitu. Akikataa kupiga ya tochi, achana naye.

Kwa Leica M, ambayo mdomo wake si wa skrubu, utahitaji adapta. Chagua ile inayoleta kwenye kitazamio fremu za lenzi za 50 na 75 mm (50/75), unene wake uwe 1 mm kamili; adapta isiyo sahihi huharibu ulengaji wa lenzi yoyote kati ya hizi, hata ile uliyokwisha kuitengeneza.