Barbra Streisand, albamu ya kwanza: nyimbo zote za watu na bado ni zake

Kwanza niseme wazi, mi nimeimba hotelini miaka tisa, bendi ya watu wanne, ijumaa na jumamosi, nyimbo za watu tu mwanzo mwisho. Kwahiyo mtu akiniambia kuna albamu nzima ya kava niisikilize roho inasinyaa hapo hapo, manake najua zinavyokuaga, mtu anaimba kama orijino ila vibaya kidogo. Mpiga kinanda wetu ndo alinitumia hii, akasema dada we sikiliza namba 7 tu halafu uje tuongee. Namba 7 nikairudia mara nne ndani ya daladala, nikapitiliza kituo, nikalipa nauli ya kurudi.

Albamu inaitwa The Barbra Streisand Album, ya yule mwimbaji wa Marekani, ya 1963, nyimbo 11, kama dakika 35 hivi. Columbia, kampuni iliyomrekodi, walitaka waipe jina la mbwembwe akakataa, hoja yake ikawa mtu akimwona kwenye tivii ataenda dukani kuulizia albamu ya Barbra Streisand, basi na iitwe hivyo hivyo. Wakati anarekodi alikua na miaka 20. Na mkataba alikubali hela kiduchu alimradi aamue mwenyewe anaimba nini. Miaka 20 jamani! Mi umri huo nlikua naogopa hata kumwambia meneja ki ya wimbo imekaa juu sana.

Kabla ya hapo alikua anaimba kabare, zile klabu ndogo za usiku watu wako mezani na glasi zao, mwimbaji yuko palepale karibu unaona mpaka jasho, na ukiboa wanaendelea na stori zao kama haupo. (Hotelini ni vile vile, tofauti kuna bafe.) Alianzia Greenwich Village pale New York mwaka 1960, baa moja inaitwa the Lion, akashinda shindano la vipaji, halafu akahamia Bon Soir, klabu ya chini ya ardhi, giza tupu. Mtaa huo huo wa Greenwich Village ndo Miriam Makeba nae aliimba alipoingia New York mwishoni mwa 1959, kwenye Village Vanguard. Nawaza tu, huyu Makeba aliyekuja kuipeleka Malaika yetu dunia nzima, ile ambayo kila mgeni hotelini lazima aiombe na kila bendi ya mwambao imeikopi mpaka imechakaa, alikua anaimba hatua chache toka alipoanzia huyu binti wa Brooklyn. Na wote wawili walikua wanakula kwa nyimbo za wenzao.

Sasa namba 7. Happy Days Are Here Again. Huu wimbo ni wa 1929, ni wa shangwe, wa haraka haraka, wa kupiga makofi, Roosevelt aliutumia kwenye kampeni ya urais wa Marekani 1932 na baada ya hapo ukabaki kama wimbo wa chama cha Democratic. Yaani kwa lugha yetu ni wimbo wa mkutano wa hadhara, watu wamevaa kofia na fulana za bure. Barbra kafanya nini? Kaupunguza spidi. Basi. Hakubadili maneno, hakuongeza mbwembwe, kaupunguza spidi mpaka ule wimbo ukaanza kusema kitu kingine kabisa, maana ukimsikia mtu anakwambia siku njema zimerudi pole pole vile, kwa sauti ambayo haijaamua kama iamini au isiamini, unaanza kujiuliza huyu kapitia nini. Mwanzo ni kama anaongea tu peke yake jikoni. Halafu anapanda, anapanda, vayolini nazo zinapanda nyuma yake, na mwisho anaachia noti moja ndefu ambayo mi nlihesabu pumzi zangu nikaishiwa kabla yake. Wazo lenyewe lilianzia kwenye shoo ya tivii ya Garry Moore, 1962, aliuimba akiigiza mama tajiri aliyefilisika, yuko baa hana hela analipia kinywaji kwa vito vyake. Ukishajua hilo ukarudi kuusikiliza ndo unakuua kabisa.

Na hapo ndo iliponiuma mimi kama mwimbaji wa hotelini. Sisi tumefundishwa kukopi kama ilivyo, kuna bosi mmoja aliwahi kunikata elfu kumi kwa sababu nilibadilisha mwisho wa wimbo, eti wageni hawakuutambua. Barbra alijua kwamba ukishaimba kama mwenye wimbo umeshashindwa, manake mwenye wimbo yupo na santuri yake inauzwa.

Chukua Cry Me a River, namba 1. Watu walishaijua kwa Julie London, 1955, gitaa na besi tu, anakunong'oneza kama hajali. Barbra anaanza chini chini hivyo hivyo ukadhani ah ni ile ile, kufika mwisho anafoka! Sio kuimba kwa sauti, anafoka, ule ugomvi wa mtu ambae amesubiri mwaka mzima huyo mwanaume arudi alie ili apate kumfukuza. Ukiniuliza ipi bora ntakwambia inategemea, kama umeshasamehe sikiliza Julie, kama bado sikiliza huyu.

Halafu aliyepanga muziki, Peter Matz, naye apewe maua yake. Hajamfunika. Kuna sehemu anaacha uwazi mkubwa sauti inabaki na piano tu. Walirekodi siku tatu, Januari 1963, na bajeti inatajwa ni dola 18,000, sio kitu kwa kampuni kubwa kama ile. Hakuna sauti kurekebishwa na kompyuta, unasikia pumzi, unasikia mahali sauti inakwaruza, na zinakaa vizuri.

Ila sio kila kitu kitamu, nisiwadanganye. Kuna Who's Afraid of the Big Bad Wolf, ule wa katuni ya nguruwe watatu ya Disney ya 1933. Bon Soir huo ulikua utani mzuri, msichana anapanda mbele ya walevi wa mjini anawaimbia wimbo wa watoto kwa umakini wote. Kwenye studio hakuna walevi, hakuna wa kucheka, unabaki wewe na hedifoni zako na mbwa mwitu. Nauruka kila siku. Na Come to the Supermarket in Old Peking, ya Cole Porter, ulimi unakwenda kasi kama cherehani na hapo nampa saluti, lakini maneno yanawafanya Wachina kama maonyesho ya sarakasi, sa hivi unausikiliza uso umekukunjamana. My Honey's Lovin' Arms ni sawa tu, inapita.

Kuna nyimbo mbili zilizotoka The Fantasticks, hizo ndo nzuri zaidi ya nlivyotegemea. Huo ni mchezo wa jukwaani ulioanza 1960 huko huko Greenwich Village ukaja kukaa miaka 42 bila kushuka. Much More ni wimbo wa binti mdogo anaetaka maisha yawe na kitu cha ziada, na anaeimba ni binti mdogo kweli anaetaka kitu cha ziada, haigizi. Nikajisikia vibaya kidogo, nlikua naosha vyombo.

Kingine nlichokipenda ambacho hakihusiani sana: Keepin' Out of Mischief Now ni muziki wa Fats Waller, maneno ya Andy Razaf, na huyo Razaf baba yake alikua mtu wa Madagascar, wa ukoo wa malkia Ranavalona III kabisa. Damu ya Bukini ndani ya wimbo wa kabare New York. Barbra anauimba kwa uchokozi, anaahidi ametulia huku sauti inakwambia hajatulia hata kidogo.

Wa mwisho, A Sleepin' Bee, wa watunzi Harold Arlen na Truman Capote, ndo alioimba siku ile ya shindano pale the Lion. Unahusu nyuki, ukimshika mkononi akalala asikuume basi mapenzi ni ya kweli. Anauimba kama amemshika kweli, hapumui kwa nguvu. Arlen mwenyewe ndo akaandika yale maelezo ya nyuma ya jalada, mwenye wimbo kamsifia aliyeukopi, we unaona mara ngapi hiyo?

1964 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka, na yeye ya mwimbaji bora wa kike. Mi ningeipa 8 kwa 10, mbili amezila mbwa mwitu na supamaketi.

Kama unataka kuisikiliza usitumie spika ya simu tafadhali, sauti yake ya juu inageuka filimbi. Tafuta hedifoni hata za kuazima, usiku, nyumba ikishalala. Na ukishaipenda tafuta na ile ya Live at the Bon Soir, Columbia walirekodi klabuni Novemba 1962 ndo iwe albamu ya kwanza wakaiweka kando, ikatoka 2022, miaka 60 baadae! Humo utasikia watu wanacheka, na ule wa mbwa mwitu ghafla unakua mtamu.

Sisi nasi jumamosi iliyopita tulijaribu. Harusi, bibi harusi anaingia ukumbini, tukaupiga ule wimbo wetu wa kumkaribisha pole pole, kinanda tu, mi naanza chini kama naongea. MC akanifuata mbio akaniinamia sikioni, "dada vipi, kuna msiba?"